Nguzo Isiyo na Gundi

Besi ya kwaya ya Nduruma haikuwa na ubaya wowote siku fundi alipoigusa mara ya kwanza. Ilikuwa nzima, nyuzi zake zimekaa sawa, na ndani ya kanisa, chini ya bati, mwalimu akiipiga kwa vidole hata waimbaji wa mstari wa nyuma walijua waingie wapi. Hilo ndilo linalonisukuma kuandika. Chombo kibovu kikizidi kuharibika si habari. Chombo kizima kikiharibiwa na mtu mwenye nia njema, mwenye akili na mikono mizuri, hapo inafaa tusimulie hatua kwa hatua, tuone ni wapi mguu uliteleza.

Watu wa kisa hiki nimewatunga, ndiyo maana hawana majina. Makosa yao sikuyatunga. Hutokea kila mahali ambapo dabo besi, ile besi kubwa ya mbao inayopigwa mtu akiwa amesimama, inakutana na waya wa umeme.

Nduruma iko tambarare, chini ya Mlima Meru, na mto unaoipa jina unatoka huko huko mlimani na kugawanywa kwa mifereji mpaka kwenye mahindi, maharage na vitunguu. Besi ililetwa na wageni wa usharika rafiki wa Ujerumani, ikiwa ndani ya kasha la mbao. Mwalimu wa kwaya alikuwa amesoma muziki na alijua kuipiga, kwa vidole na kwa upinde. Zaidi yake hakuna mtu aliyeijua. Kule Unguja ni tofauti. Besi ya namna hii ina miaka mingi ndani ya vikundi vya taarab, kando ya fidla, kanuni, udi na nai, na tangu mwaka 2002 Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kimekuwa kikifundisha muziki huo pale Mji Mkongwe. Kijana anayeanza anamkuta mkubwa wake akibadilisha uzi, anatazama, anajua kipi kinashikwa na kipi hakiguswi. Nduruma besi ilifika peke yake, bila wakubwa zake.

Tatizo lilianza kwenye sikukuu ya mavuno. Ibada ilifanyika nje, chini ya maturubai, na mnada wa mazao ulikuwa mkubwa. Kinanda kilisikika, ngoma zilisikika, besi ilizama. Mwalimu alisogeza kipaza sauti mbele yake. Sasa besi ni sanduku kubwa lenye uwazi ndani. Spika ikiwa karibu, mlio wa spika unalitikisa sanduku, sanduku linakipa kipaza sauti, kipaza sauti kinairudishia spika, na baada ya muda mfupi uwanja mzima unasikia mvumo mmoja unaopanda bila kukoma. Wazee wakaziba masikio. Mwalimu akazima.

Wiki iliyofuata alikwenda senta kwa kijana anayetengeneza redio, simu na inveta za sola.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, fundi. Nimekuja na shida. Besi yetu haisikiki nje.”

“Hiyo ndogo, mwalimu. Tutaiwekea pikapu. Niachie mpaka Ijumaa.”

Mwalimu akamwachia.

Kijana hakuwa mbabaishaji. Alikuwa ameona kwenye simu kikundi cha Konono Nº1 cha Kinshasa, na alijua historia yake: mzee Mawangu Mingiedi na wenzake walitaka likembe zao, zile ala za vibamba vinavyopigwa kwa vidole gumba, zisikike katikati ya makelele ya jiji, wakatengeneza wenyewe pikapu, yaani vinasa sauti vya kufungwa kwenye ala, kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari na waya wa shaba. Albamu yao ya Congotronics ilipotoka mwaka 2004, dunia ilisimama kusikiliza. Fundi aliona, na aliona vizuri, kwamba mtu wa kwetu anaweza kujifanyia kazi hii bila kusubiri mzigo kutoka Ulaya. Simlaumu kwa hilo hata kidogo, na anayetumia kisa hiki kuwakatisha tamaa mafundi wetu atakuwa amekisoma vibaya.

Hakutumia sumaku, kwa sababu sumaku inahitaji uzi wa chuma ili iusikie, na alitaka kuchukua sauti ya mbao yenyewe. Alitoa kwenye saa mbovu ya mezani kile kisahani kinacholia alamu: bamba jembamba la shaba lenye tabaka jeupe la kauri juu yake. Hiki huitwa piezo. Ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, walionyesha mwaka 1880 kwamba fuwele za aina fulani zikibanwa hutoa umeme. Ukikibandika kisahani hicho kwenye mbao inayotikisika, kila mtikisiko unakibana na kukiachia, na umeme unaotoka unafuata sauti ile ile. Aliunganisha waya wenye wavu wa kuzuia mvumo wa umeme, akalehemu haraka ili joto lisiiue kauri, akakifunga kisahani kwa utepe wa karatasi kwenye daraja, ule ubao unaobeba nyuzi. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa sahihi. Utepe unabandukika, na besi haikuwa na alama yoyote.

Kisha akachomeka jeki kwenye mikisa ya kanisa, tundu la nyuma, lile la kuingizia kinanda.

Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba na kavu. Mkwaruzo wa kidole kwenye uzi ulisikika vizuri kuliko uzi wenyewe. Uzi mzito kabisa, ule wa E, ulitoa mgongano mdogo tu pale unapopigwa, halafu kimya. Fundi akaongeza besi kwenye mikisa mpaka mwisho, akapata mvumo wa umeme wa Tanesco na si zaidi.

Hapa ndipo pa kusimama na kutazama kwa makini, kwa sababu kila kilichofuata kilizaliwa na wazo moja: “Kisahani hakijashika mbao vizuri.” Ni wazo la busara kwa macho. Utepe ni laini, mbao ni ngumu, basi sauti inapotea njiani. Akaubandua utepe, akapaka supaglu kwenye mguu wa daraja, akakibana kisahani. Sauti ikaongezeka. Ilikuwa nyembamba vile vile, lakini kubwa zaidi, naye akahesabu kwamba amepiga hatua. Akaongeza kisahani cha pili, akakiunganisha sambamba na cha kwanza, na safari hii uzito kidogo ulirudi kweli. Nitaeleza baadaye kwa nini ulirudi. Sababu haikuhusiana na mbao. Kwa fundi, huo ulikuwa ushahidi kwamba njia ni hiyo hiyo, ongeza tu.

Daraja la besi lina nafasi mbili nyembamba pembeni, kulia na kushoto, zinazolifanya liwe na mabawa. Pikapu nyingi za dukani hubanwa humo. Visahani vyake havikuingia. Akachukua tupa akapanua nafasi ya kushoto, kisha ya kulia. Daraja huchongwa kwa mbao ngumu ya mti wa mepo, na unene wa kila sehemu umepimwa kwa sababu ndimo sauti yote inamopita kabla ya kufika kwenye uso wa besi. Unga ulioanguka sakafuni siku ile haurudi. Visahani vikaingia vikiwa vimelegea, akavijazia gundi.

Sauti ikabaki nyembamba.

Likabaki jaribio la mwisho, ambalo nalo linatoka kwenye jambo la kweli: zipo pikapu zinazokaa chini ya mguu wa daraja, kati yake na uso wa besi, pale penye mgandamizo mkubwa kuliko pote. Ili kisahani kipite, daraja liinuke. Ili daraja liinuke, nyuzi zilegee. Alisimamisha besi ukutani, akalegeza funguo zote nne, mmoja baada ya mwingine, mpaka nyuzi zikaning’inia. Daraja likamlalia mkononi. Na ndani ya besi kitu kikaanguka, kikagonga mbao, kikabingirika.

Alichungulia kwenye tundu lenye umbo la f. Akaona kijiti cha mviringo, kinene kuliko kidole gumba, kimelala chini. Hakikuwa na gundi upande wowote, hakikuwa na tundu la msumari, hakikuvunjika. Akaamini ni kipande kilichosahaulika kiwandani. Akatelezesha kisahani chini ya mguu, akarudisha daraja, akakaza nyuzi zote mpaka zikafika kwenye sauti zake, akafunga mlango.

Nyuzi za dabo besi zinavuta kwa nguvu kubwa mno. Kila mmoja unavuta kwa uzito unaokaribia kilo 30. Zote nne pamoja ni zaidi ya gunia la mahindi lililojazwa vizuri. Sehemu ya nguvu hiyo inashuka kwenye miguu miwili ya daraja na kukandamiza ubao wa uso, ambao ni wa mti laini wa sprusi na una unene wa milimita chache tu. Chini ya mguu wa upande wa nyuzi nzito kuna boriti ndefu iliyogundishwa kwa ndani. Upande wa nyuzi nyembamba, nyuma kidogo ya mguu, hakuna boriti, kuna nguzo. Inasimama kati ya uso na mgongo wa besi, imechongwa ikae barabara, na inashikiliwa na mgandamizo wa nyuzi peke yake. Haiwekwi gundi kwa makusudi, kwa sababu kuisogeza milimita moja kunabadilisha sauti, na fundi wa besi anahitaji kuisogeza. Inabeba mzigo, na inapeleka mtikisiko wa uso mpaka mgongoni. Nyuzi zikilegea zote, hakuna kinachoishika.

Usiku ule uso wa besi ulibeba mzigo upande mmoja bila nguzo. Mwalimu alipokuja Ijumaa alisimama mlangoni kabla hata ya kusalimiwa. Upande wa kulia wa daraja ulikuwa umezama, na kutoka kwenye mguu ufa mwembamba ulikuwa umefuata uzi wa mbao kuelekea chini, urefu wa kiganja.

“Fundi, nguzo iko wapi?”

“Nguzo gani, mwalimu?”

Mwalimu hakujibu. Alilegeza nyuzi kwanza.

Aliyefumbua fumbo ni mzee mmoja wa Tengeru aliyezeekea kwenye mitambo ya redio. Aliitwa aje aone kama kuna cha kuokoa. Alipofika hakuitazama besi. Aliuliza, “Uliichomeka wapi?” Akapelekwa kwenye mikisa, akaigeuza, akasoma maandishi madogo nyuma yake: ukinzani wa tundu lile ulikuwa omu 10,000.

Akatoa kalamu. Kisahani cha piezo cha ukubwa ule kinafanya kazi kama kapasita ndogo, karibu nanofaradi 20. Kapasita ikikutana na ukinzani wa omu 10,000, sauti zote zilizo chini ya hezi 800 hivi zinaanza kupunguzwa, na kadiri zinavyokuwa nzito ndivyo zinavyopungua zaidi. Nyuzi za besi zikiwa wazi hutoa hezi 41, 55, 73 na 98. Zote ziko chini kabisa ya mstari huo. Uzi wa E unafika kwenye mikisa ukiwa umebakiwa na karibu sehemu moja ya ishirini ya nguvu yake. Mkwaruzo wa kidole, ulio juu ya mstari, unapita wote. Kisahani cha pili kilipounganishwa sambamba, kapasita iliongezeka maradufu, mstari ukashuka hadi hezi 400, na ndiyo maana uzito kidogo ulirudi. Hakuna gundi wala tupa ambayo ingeweza kuleta uzito uliobaki. Kisahani kile kile, utepe ule ule wa mwanzo, kikichomekwa kwenye tundu lenye ukinzani wa omu milioni 1, mstari unashuka mpaka hezi 8, chini ya chochote ambacho sikio la binadamu linasikia.

“Hapa kanisani kuna amplifaya ya gitaa?” mzee akauliza.

Ilikuwepo. Ilikuwa kwenye kabati la kwaya, hatua chache kutoka mahali walipokuwa wamesimama. Tundu la kuchomekea gitaa la umeme kwa kawaida lina ukinzani wa omu milioni 1, kwa sababu pikapu za gitaa nazo zinataka hivyo. Mzee alichukua kisahani kingine, akakifunga kwa utepe kwenye gitaa la kawaida la mbao, akachomeka kwenye amplifaya, akapiga uzi mzito. Kabati likatikisika. Akakihamishia kwenye mikisa, akapiga tena. Sauti ikawa ile ile nyembamba na kavu ambayo fundi alipigana nayo wiki nzima.

Nimeangalia kisa hiki kwa pande nyingi na nabaki na msimamo huu: fundi hakukosea kwa kujaribu, alikosea mpangilio. Mambo aliyoweza kuyabadilisha yalikuwa ya aina mbili. Kuna yale ambayo ukiyafanya unaweza kuyarudisha: kuhamisha jeki, kubadilisha waya, kusogeza utepe, kuazima amplifaya. Kuna yale ambayo ukishayafanya hayarudi: gundi ya papo hapo, tupa, nyuzi zote kulegezwa kwa mkupuo. Alikimbilia ya pili akiwa hajamaliza ya kwanza, na kila mara kitu kidogo kilipobadilika alikichukua kama ruhusa ya kuendelea. Sauti kuongezeka si ushahidi kwamba umeupata ugonjwa. Yeye alitafuta sauti nzito. Swali la kujiuliza kila hatua lilikuwa kama uzi wa E umerudi, na jibu lilikuwa hapana tangu mwanzo mpaka mwisho. Mingiedi na wenzake, ambao fundi aliwaiga, walikuwa wanafanya majaribio kwenye likembe walizojua kuzitengeneza. Likembe ikiharibika wanaunda nyingine. Daraja la besi la Nduruma halina mwenzake hapo senta wala katika soko la Kilombero la Arusha mjini.

Lakini lawama kubwa naiweka kwa mwalimu. Yeye alijua nguzo ipo. Alijua daraja halina gundi. Alijua kwamba anayebadilisha nyuzi anabadilisha mmoja, anaukaza, ndipo anaugusa unaofuata. Kwa mtu aliyesoma, mambo haya yanakuwa ya kawaida mno hadi anasahau kwamba mwingine hayajui. Alipaswa kumkalisha kijana chini, amulike tochi kwenye tundu la f, amwonyeshe kijiti kile kimesimama, amwambie hiki kinakaa kwa nguvu za nyuzi tu. Alipaswa pia kumwambia kwamba ikilazimu kuinua daraja, besi inalazwa chali juu ya blanketi, nguzo isipate nafasi ya kuangukia upande, miguu ya daraja inawekewa alama ya utepe pembeni, na nyuzi zinapunguzwa kidogo kidogo zote kwa usawa mpaka mguu uinuke kiasi cha karatasi kupita, bila kuziacha zining’inie. Na kama kwa bahati mbaya nguzo imeanguka, usikaze uzi hata mmoja. Besi iliyolegea bila nguzo inaweza kungoja mwaka mzima bila madhara. Iliyokazwa bila nguzo inaumia usiku mmoja.

Ufa ulizibwa kwa gundi ya ngozi, ile inayochemshwa na kutumiwa ya moto, kwa sababu fundi mwingine akija kesho anaweza kuilainisha kwa maji na mvuke na kuanza upya. Nguzo ilirudishwa kwa chuma kilichopindwa kama herufi S, kazi ya kupapasa kupitia tundu la f ambayo mwalimu aliifanya kwa jasho, siku nzima. Daraja halikupona. Supaglu ilikuwa imeingia kwenye mbao, na mabawa yaliyopigwa tupa yalikuwa yameshalegea. Linatumika kwa muda huku jingine likisubiriwa kutoka Ujerumani, na likifika litahitaji kuchongwa miguu yake ifuate uso wa besi hii, maana daraja jipya huja na miguu minene ambayo haijafuata umbo la besi yoyote.

Kwenye kikao cha usharika wapo waliotaka fundi alipe. Baba Mchungaji alimsikiliza mwalimu akieleza sehemu yake mwenyewe ya kosa, akakataa. Alitaka kijana aimalize kazi, mwalimu akiwa amekaa pembeni yake. Mzee wa Tengeru alimchorea mchoro juu ya bahasha. Ni kisanduku cha kupokea umeme mdogo wa piezo kwa ukinzani mkubwa na kuutoa kwa namna ambayo mikisa yoyote inaumudu. Ndani yake kuna transista moja ya aina ya jifeti, vipinga vichache, kapasita mbili na betri ya volti 9. Kimefungwa kwa gamba la bati lililounganishwa na wavu wa waya ili mvumo wa hezi 50 usiingie, na kina swichi inayokata sauti za chini ya hezi 30, ambazo besi haina haja nazo ila spika huzitumia kuvumia. Spika nazo zimesogezwa mbele ya kwaya, zikitazama watu. Kisahani kinakaa kwenye daraja kwa utepe, kama siku ya kwanza, na kisanduku chote hakikuhitaji shimo hata moja kwenye besi.